Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusinki majina ya simu na imeili iliyosimbwa

Hapa Mwanza nawawekea watu imeili zilizosimbwa kwenye simu na laptopu, wengi ni wa biashara ya samaki na dagaa pale Mwaloni Kirumba, wengine wana viofisi mjini, wengine wanatoka Ukerewe na Sengerema wakija kufuata mambo yao ndo wananipitia. Imeili yenyewe haiwasumbui sana, wakishaizoea wameizoea. Kinachowarudisha kwangu ni majina, yaani zile namba za watu, kwa nini hazionekani huku, kwa nini zimeonekana kule. Kusinki ndo hiyo kazi ya kufanya majina yale yale yaonekane kwenye kila kifaa. Nimeamua kuyaweka majibu sehemu moja, mengine marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu na linagusa watu ambao hata hawajui kwamba namba zao ziko kwako.

Imeili iliyosimbwa ni ipi hasa?

Ni ile ambayo ujumbe unatunzwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni ya imeili, ukiwa umefungwa na ufunguo uko kwako, kwa hiyo hata mwenye seva akiangalia haoni ulichoandika. Watu wengi wanatumia Proton Mail ya Uswisi iliyoanza 2014, na Tuta ya Ujerumani ambayo mpaka 2023 ilikuwa inaitwa Tutanota. Proton imejengwa juu ya PGP, mfumo wa kusimba ujumbe wa tangu 1991 alichokitoa Phil Zimmermann wa Marekani, Tuta wana mfumo wao. Ila jua hili mapema, ukimwandikia mtu mwenye imeili ya kawaida ujumbe unafika kwake wazi na kampuni yake ya imeili inaweza kuusoma, labda uutume ule wa kufungua kwa paswedi.

Nimeweka majina kwenye Proton, mbona mtu akinipigia inatokea namba tupu?

Kwa sababu kitabu cha majina cha Proton na kitabu cha majina cha simu yako ni vitu viwili, havijuani. Simu ikiita inaangalia kwenye kitabu chake tu. Jina lililoko ndani ya apu ya imeili linabaki humo humo, na hiyo ndo faida yake na ndo kero yake, huwezi kupata moja bila nyingine.

Si wangefanya tu isinki yenyewe kama Google?

Hili naulizwa karibu kila siku. Njia ya kawaida ya kusinki majina kati ya simu na seva inaitwa CardDAV, kanuni zake zilitoka 2011, na inafanya kazi hivi: majina yanakaa kwenye seva, simu yako inaiuliza seva kuna kipya gani, seva inaikabidhi jina na namba. Sasa ili iikabidhi kwa namna ambayo simu yoyote itaielewa, seva lazima iwe na hilo jina na hiyo namba vikiwa wazi. Hapo ndo inagongana na ahadi ya imeili iliyosimbwa, maana ahadi ilikuwa seva isione. Ndo maana Proton hawana CardDAV, na hata ile programu yao ya Bridge ya kwenye kompyuta, inayolipiwa, inaleta barua tu kwenye programu za barua kama Outlook au Thunderbird, majina haileti.

Tuta wamepita njia nyingine, apu yao inafungua majina hapo hapo kwenye simu yako alafu ukiruhusu inayaandika kwenye kitabu cha simu, seva bado haijaona kitu. EteSync, huduma nyingine ya kusinki majina yakiwa yamesimbwa, nayo inafanya vivyo hivyo kwenye Android. Kwa upande wa seva hizo njia ni safi kabisa, nazipenda. Shida inahamia kwenye simu.

Yakishaingia kwenye kitabu cha simu nani anayaona?

Kila apu uliyoipa ruhusa ya majina. Sio baadhi ya majina, yote, na namba zote, na imeili zote, na kama uliandika anwani au siku ya kuzaliwa nazo zimo. Kitabu cha majina cha simu ni kama ndoo ya maji ya kunywa iliyowekwa barazani, aliyeruhusiwa kuingia barazani amechota. Simu haijali kwamba jina hili lilitoka kwenye imeili iliyosimbwa na lile lilitoka kwenye laini, yakishaingia humo yote ni sawa.

Nitaeleza kilichomkuta mama mmoja wa mabondo pale Mwaloni, jina lake nalihifadhi. Mabondo kwa asiyejua ni vile vifuko vya hewa vya sangara, vinakaushwa na vina bei kuliko nyama yenyewe, kwa hiyo mtu anayekukusanyia mabondo kisiwani ni siri yako ya biashara, humtaji ovyo. Huyu mama alikuwa anaandikiana na mnunuzi wake kwa imeili iliyosimbwa, vizuri kabisa, paswedi ngumu, kila kitu. Siku moja akakwama hela ya mafuta ya boti akapakua apu ya kukopa, ikamuomba ruhusa ya majina akabonyeza ruhusu maana bila hivyo haiendelei mbele. Alichelewa kurejesha siku chache tu. Sms zikaanza kwenda kwa watu wake, kwa mnunuzi, kwa mchungaji, kwa mwalimu wa mtoto wake, kwamba huyu mtu ni mdaiwa sugu mwambieni alipe. Alinifuata na simu mkononi ameishika kama kitu kinachounguza, akawa ananionyesha sms moja moja watu walivyomfowadia, na kilichomuuma zaidi ni kijana wake wa Ukara anayemkusanyia mzigo, alipokea ile sms mara tatu na yeye hakukopa chochote kwa mtu yeyote.

Na sio yeye peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na apu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila kibali. Kutolewa kwa orodha hakurudishi namba zilizokwisha kuchukuliwa.

Kwa hiyo ukiniuliza imeili ya yule mama ilivunjwa, hapana, haikuvunjwa. Barua zake zilibaki salama mpaka leo. Watu aliokuwa anawaandikia ndo walianikwa, kupitia mlango mwingine.

Basi nisisinki kabisa?

Sisemi hivyo. Mtu wa biashara akipigiwa akaona namba tupu anaweza asipokee, na mzigo wa samaki hausubiri, ukilala umeharibika. Ninachofanya mimi kwa wateja wangu ni kukaa nao na daftari, tunagawa majina makundi mawili. La kwanza ni wale wanaokupigia, bodaboda, fundi, shemeji, wateja wa rejareja, hao wanakaa kwenye kitabu cha simu maana hata wakijulikana hakuna kinachoharibika. La pili ni wale wa barua, mwanasheria, mnunuzi mkubwa, daktari, mtu wa benki, mtu aliyekuamini na jambo lake, hawa wanabaki ndani ya apu ya imeili, hawavuki.

Kuna wanaoangukia pande zote mbili, wanapiga na wanaandikiwa. Hapo huwa natumia hiki kipimo, nauliza, apu ya kukopa ikimtumia huyu sms kukuhusu, utaumia kiasi gani, na yeye je? Mara nyingi jibu linatoka kabla sijamaliza kuuliza. Akilazimika kuwepo kwenye simu basi namba tu na jina fupi, mengine yote yabaki kwenye imeili.

Kazi hii kwa mtu mwenye majina elfu inachukua mchana mzima, nakwambia ukweli. Anza na ishirini wale muhimu, hao ukiwahamisha umefanya sehemu kubwa.

Nilitoa faili la majina kwenye imeili nikaliweka kwenye simu, sasa naona yote yako Google. Nini kimetokea?

Hapa wanaangukia wengi. Ukiwa na lile faili la .vcf ukiligusa kwenye Android, inatokea karatasi ndogo chini inauliza uhifadhi wapi, inaorodhesha akaunti yako ya Google, na kwenye simu nyingi pia simu yenyewe na laini. Google mara nyingi ndo iko juu na imeshachaguliwa, kidole kinabonyeza sawa, imeisha. Majina uliyoyatunza miaka kwenye kasha lililofungwa yamepanda kwenye seva inayoweza kuyasoma, na kwa sekunde chache tu kama bando lipo.

Ikishatokea fanya hivi, ingia kwenye majina ya Google, tafuta yaliyoingia leo, yafute, alafu ingia kwenye pipa lake uyafute na humo maana yanakaa siku 30. Kisha nenda kwenye setingi za majina uangalie majina mapya yanahifadhiwa wapi, chagua simu yenyewe. Na lile faili lenyewe la .vcf usilisahau kwenye folda ya vilivyopakuliwa, ni daftari la watu wako wote likiwa wazi, linafunguka kwa yeyote.

Majina niyaandikeje?

Hili watu hawaulizi ila nalijibu kwa nguvu kwa sababu naona simu za watu kila siku. Sisi tuna tabia ya kusevu mtu na kazi yake, Juma Fundi Bomba, Mama Neema Vikoba, Mangi Dukani, inasaidia kumkumbuka na sio mbaya. Ila nimekuta pia jina la mtu likifuatiwa na CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, jina likifuatiwa na deni, jina likifuatiwa na polisi. Fikiria huyo mtu wa CTC, yeye alikupa namba tu, wewe umeandika hali ya afya yake mahali ambapo kila apu yenye ruhusa inasoma. Hakuna mtu aliyemuuliza.

Hata ndani ya Proton jihadhari na hili, jina na anwani ya imeili havijafungwa kama vilivyofungwa vingine, wameviacha hivyo ili barua ziweze kuchujwa na kupangwa. Namba ya simu, anwani ya nyumbani na sehemu ya maelezo ndo vimefungwa. Kwa hiyo kitu nyeti kiandike kwenye maelezo, kwenye jina andika jina. Tuta wao wanafunga vyote hadi jina.

Kwa hiyo Tuta ni bora kuliko Proton?

Kwa majina peke yake naona Tuta wamefunga zaidi, na hata kichwa cha barua, yaani ile mada yake, wanakifunga wakati kwa Proton kichwa cha barua hakijafungwa kwa namna hiyo. Lakini Proton inaongea na PGP ya watu wengine, kama unaandikiana na ofisi inayotumia PGP hilo ni jambo kubwa. Kwa wateja wangu wengi naangalia wale wanaoandikiana nao wako wapi, tunaenda huko huko.

Natumia iPhone, niko salama zaidi?

Kidogo, ila sio unavyofikiria. Tangu iOS 18 ya 2024 apu ikiomba majina unaweza kuichagulia wachache tu badala ya wote, na hiyo naipenda sana, itumie. Ila majina yako yakiwa iCloud, hifadhi ya Apple ya mtandaoni, hata ukiwasha ule ulinzi wao wa juu waliouleta mwishoni mwa 2022, majina, kalenda na imeili ya iCloud havimo kwenye vile vinavyofungwa ufunguo ukabaki kwako tu. Apple wenyewe wameandika hivyo, sababu ni ile ile ya kusinki na mifumo mingine. Ingia kwenye setingi za majina uangalie majina mapya yanaingia akaunti ipi.

Na WhatsApp?

WhatsApp ujumbe wake umefungwa, ila ukiipa ruhusa ya majina inapandisha namba zilizo kwenye kitabu chako mara kwa mara, hata za wasio na WhatsApp. Unaweza kuinyima ruhusa ikaendelea kufanya kazi, utaona namba badala ya majina kwa wengi. Mimi nimewaachia wateja waamue wenyewe, wengi hawawezi kuishi bila hiyo na siwalaumu. Ndo maana lile kundi la pili liko kwenye imeili tu.

Simu ya ofisi tunatumia watu watatu, tufanyeje?

Kwanza muache kutumia paswedi moja watu watatu. Pili, kama ofisi inakusanya majina na namba za wateja basi hilo sio suala la hiari tena, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023 na kuna Tume yake, wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili huko. Hilo daftari la wateja mlilonalo kwenye simu ni taarifa binafsi.

Kwa vitendo, kama simu ni Samsung yenye ile folda salama, weka apu ya imeili na majina ya ofisi humo, folda ina kitabu chake cha majina na apu za nje hazikifikii. Android 15 nayo imekuja na sehemu ya faragha inayofanya kazi inayofanana na hiyo. Sio kila simu inayo, zile za bei ya chini nyingi hazina, hapo bakini na majina ndani ya apu ya imeili tu na mtu akipiga mtafuteni humo.

Nikisahau paswedi majina yanarudi?

Inategemea umejiandaaje. Kwa kuwa ufunguo uko kwako, kampuni haiwezi kukufungulia, kwa Proton ukibadilisha paswedi tu bila njia ya kurejesha unaingia unakuta barua za zamani hazisomeki na zile sehemu zilizofungwa za majina nazo hazisomeki. Proton wanakupa maneno 12 ya kurejesha, Tuta wanakupa kodi, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba. Iandike kwenye karatasi kwa kalamu, weka na vyeti vya shule nyumbani. Usiipige picha, picha inapanda Google usiku huo huo.

Huku kisiwani mtandao unakata, majina yatapotea?

Hayapotei. Yaliyokwisha kushuka kwenye apu mara nyingi unayaona hata bila mtandao, na kwenye baadhi ya apu ukiongeza jipya linasubiri. Ila usiongeze jina kwenye laptopu na kulirekebisha kwenye simu wakati huo huo huna mtandao, ukirudi yanagongana unapata mawili.

Majina yanajirudia mara mbili mbili.

Mara nyingi ni kwa sababu moja iko 07 na nyingine iko +255. Andika zote kwa +255, ukishavuka kwenda Kisumu au Entebbe ile ya 07 haikupeleki Tanzania. Alafu unganisha kwenye kompyuta, sio kwenye simu, kioo kidogo kinakosesha.

Nauza simu yangu, nimefuta apu ya imeili, inatosha?

Hapana. Ondoa akaunti zote kwenye setingi kwanza, alafu futa simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, alafu toa laini na kadi ya memori. Laini yenyewe inaweza kutunza majina na namba, mara nyingi bila kufuli lolote, watu wanaisahau. Nimeshika simu ya mtumba iliyonunuliwa Makoroboi, ndani kulikuwa na majina zaidi ya mia nne ya mtu ambaye mnunuzi hamjui, nikaifuta pale pale mbele yake kabla ya kumwekea chochote.

Nilishasinki kila kitu miaka yote, naweza kurudi nyuma?

Kilichokwisha kwenda kwenye seva za wengine huwezi kukifuata chote. Ila unaweza kuzuia kinachoendelea kutoka. Ingia kwenye setingi za simu, sehemu ya faragha, kwenye ruhusa fungua majina, utaona orodha ya apu zote zinazoyasoma. Kuna baba mmoja wa Buzuruga tulihesabu pamoja, zilikuwa kumi na tisa, mojawapo ilikuwa tochi. Zima zote ambazo hazihitaji, apu ikikataa kufanya kazi utajua na utaamua. Alafu kwa zile ulizowahi kukopea, usiishie kufuta apu, ingia kwanza ndani yake uombe akaunti na taarifa zifutwe, piga picha ya kioo ya hilo ombi, ndo uifute.

Kisha wapigie wale ishirini, uwaambie namba zao zilikuwa wapi.